Ubavu wa Kulia

Saa nne asubuhi kreni ya Lionel Fereday, mwenye uwanja wa kutengenezea boti, iliinyanyua Dunnock kutoka mferejini, maji yakichuruzika kwenye mikanda, na Norman Tranter akasimama pembeni mikono mfukoni kama mtu aliyempeleka mgonjwa hospitali akaambiwa asubiri nje. Boti ya chuma ya mita kumi na saba, nyembamba kama zilivyo zote za mifereji yetu, ikiwa hewani haina heshima yoyote. Tumbo lake lote huwa nje: konokono, majani yaliyooza, lami iliyobanduka. Norman akaangalia kando. Alikuwa amelala ndani ya chuma kile kwa miaka ishirini na moja, na hakupenda watu wakione kikiwa hivyo.

Waliiweka juu ya magogo manne ya reli, nyuma kabisa ya uwanja, karibu na rundo la matairi. Lionel akamletea ngazi ya aluminiamu, kwa sababu mwenye boti huendelea kulala ndani yake hata ikiwa nchi kavu. Majini boti hutikisika kidogo mtu akiikanyaga. Hata bata akiigonga asubuhi, unajua kuna kiumbe amepita. Juu ya magogo haitikisiki. Usiku wa kwanza Norman alilala macho wazi, akisikiliza kimya cha kitanda ambacho hakikwenda popote.

Hakuwa amekuja kwa hiari. Dunnock ilikuwa imetimiza miaka thelathini na kampuni ya bima ilimwandikia barua: mkaguzi apime unene wa chuma. Chuma cha ubavuni kilianza maisha kikiwa na milimita sita. Kikishuka chini ya nne, hakuna bima. Bila bima hakuna kibali cha mfereji. Na bila kibali Norman angehamia pale ambapo binti yake Joanne alikuwa ameshamtafutia, chumba cha ghorofa ya pili katika nyumba ya wazee mjini Stafford, chenye kamba nyekundu bafuni ya kuvuta kuita msaada ukianguka. Joanne alimpeleka kukiona mara moja. Norman aliitazama ile kamba, akaomba arudishwe nyumbani.

Boti ya chuma isipopakwa lami kila mwaka wa tatu huliwa na kutu, na Norman na mkewe Glenys walikuwa na utaratibu wao wa kuipaka. Waligawana pande. Kushoto kwa Norman, kulia kwa Glenys. Walianza pamoja kwenye omo, mbele ya boti, kila mmoja na ndoo yake na brashi yake, na wangekutana tena kwenye tezi, nyuma kabisa. Ila hawakukutana kamwe. Norman alikuwa anamaliza upande wake kwa siku moja na nusu, anaoga, anakaanga bekoni, anakunjua kiti cha turubai na kukaa na chai yake akisoma gazeti. Glenys alikuwa anachukua siku tano, na mara moja alichukua siku sita.

"Glenys," Norman alikuwa anapaza sauti kutoka kitini, "unaipaka hiyo boti au unaiandaa kwa harusi?"

Mafundi wa Lionel walicheka, maana mzaha ule ulikuwa mpya kila mwaka wa tatu. Kutoka upande wa pili ulikuja mkwaruzo wa brashi ya waya tu. Norman alichukulia kwamba mke wake ni mtu wa polepole, kama wengine walivyo wafupi au wenye macho ya bluu, na akaona amefanya uungwana kumvumilia.

Mara ya sita waliyoipaka ndiyo ikawa ya mwisho. Oktoba ya mwaka ule ule Glenys alifunga mabegi mawili na cherehani yake akaenda kuishi na dada yake kule Llangollen. Alisema amechoka. Hakusema amechoka na nini, na Norman hakuuliza, kwa sababu aliogopa angejibiwa. Hawakuachana kwa karatasi. Walikuwa wanapigiana simu Krismasi na siku za kuzaliwa za wajukuu, wakiulizana hali ya hewa kama watu waliokutana kwenye foleni ya posta. Miaka miwili na nusu ikapita hivyo.

Sasa alikuwa na pande mbili na mikono miwili.

Lionel alikuja kumwona baada ya kuiosha boti kwa maji ya shinikizo. Ni mtu mkubwa mwenye sauti nyembamba, na humwita kila mtu bata, kama tunavyoitana sote katika bonde hili, awe askofu au mchuuzi wa mayai. Aliuliza Norman ameamua nini kuhusu rangi. Norman akasema lami, kama kawaida, makoti mawili, tabaka juu ya tabaka, pande zote mbili kwa siku nne, halafu boti irudishwe majini.

"Bata wangu, una miaka sabini na moja," Lionel akasema. "Ukipaka lami utarudi hapa na sabini na nne, kisha na sabini na saba. Nani atakushikia ngazi? Paka makopo mawili, usahau miaka kumi."

"Miaka kumi mimi mwenyewe nitakuwa nimesahauliwa."

Makopo mawili ndilo jina la mtaani la ile rangi ngumu ambayo unachanganya kopo la kwanza na la pili, nayo inakauka ikawa kama kigae. Ni bora kuliko lami kwa kila kitu isipokuwa jambo moja: haikubali kukaa juu ya lami. Lami juu yake, sawa. Yenyewe juu ya lami, vyote viwili hulainika na kubanduka kama malai juu ya maziwa. Kwa hiyo mtu anayeitaka lazima kwanza akwangue lami yote mpaka chuma king'ae, na hakuna kazi chafu kuliko hiyo. Wengi wetu huifikiria kila mwaka wa tatu, kisha tunafungua kopo la lami.

Norman alimwambia Lionel amwache kwanza mkaguzi aje.

Mkaguzi alikuwa Averil Stubbs, mama wa miaka arobaini na kitu, ovaroli yake ina mifuko mingi kuliko nguo ya mvuvi. Alikuwa na nyundo ndogo na kipima unene cha ukubwa wa simu. Hakuwa mtu wa maneno. Alianzia upande wa kulia: anagonga, anasikiliza, anakwangua tundu la ukubwa wa sarafu mpaka kwenye chuma, anaweka kipimo, anaandika. Norman alimfuata nyuma mikono ikiwa mgongoni, na kwenye tundu la kwanza tu akaona kitu ambacho hakukielewa. Chini ya lami nyeusi kulikuwa na rangi ya kijivu. Kwenye tundu la pili pia. Kijivu kimoja, laini, kimeshika chuma sawasawa, kutoka omo mpaka tezi.

"Tano nukta sita," Averil akasema. "Tano nukta tano. Tano nukta sita tena. Boti ya miaka thelathini hii?"

Kisha akazunguka kwenda kushoto. Nyundo ikabadilika sauti. Kulia ilikuwa inalia. Huku ilikuwa inakohoa. Averil alikwangua, na chini ya lami kulikuwa na kutu, na chini ya kutu kulikuwa na lami nyingine, na chini yake kutu tena, kama keki ya tabaka. Nne nukta moja. Tatu nukta nane. Karibu na tezi, tatu nukta moja. Norman akashika gogo.

Alijaribu kujitetea. Alisema upande ule ndio unaosugua ukingo wanapofunga boti. Averil akamwonyesha kwa ncha ya nyundo kwamba mashimo yale yako chini ya mstari wa maji, mahali ambapo ukingo haufiki, na kwamba kutu ile haikuja baada ya rangi. Ilikuwapo ikapakwa juu yake. Alisema hivyo bila ukali, kama daktari.

"Pande hizi zilipakwa na watu wawili?" akauliza.

"Ndiyo."

"Huu wa kushoto alipaka nani?"

Norman aliangalia viatu vyake. Haikuwa kuteleza kwa ulimi. Alikuwa na nafasi ya kufikiri, akafikiri, kisha akasema:

"Mke wangu."

Averil akaitikia kwa kichwa taratibu. "Basi wewe una mikono mizuri, Bwana Tranter. Hii ya kijivu ni makopo mawili, siyo? Chini, halafu lami juu. Sijaona mtu binafsi akifanya hivyo."

"Ni utaratibu wangu," Norman akasema, na masikio yakamwaka moto.

Mkaguzi akamweleza masharti. Upande wa kushoto uchomelewe mabamba mapya kuanzia mstari wa maji kwenda chini, urefu wote. Na asidhani kwamba atayapaka lami mabamba mapya akaita kazi imekwisha; kwa namna upande huo ulivyotunzwa, miaka sita tu ungekuwa pale pale. Ayaandae mabamba na chuma kilichobaki kama alivyouandaa upande wake wa kulia. Angerudi baada ya wiki tatu kukiona chuma kabla hakijapakwa. Akiridhika, anatia sahihi. Asiporidhika, hatii.

"Fanya tu kama ulivyofanya," akamwambia, akapanda gari lake.

Kwa hiyo hivi ndivyo alivyokuwa amejifunga. Ili asiende kwenye kamba nyekundu ilibidi afanye kama alivyofanya, naye hakuwa amefanya.

Habari ya kijivu, na kwamba ni kazi ya Norman, ilienea uwanjani kabla ya chai ya saa tano. Lionel alikuja mwenyewe akaweka jicho kwenye tundu moja baada ya jingine. Akataka kujua ni rangi gani, makoti mangapi, chuma kilisafishwa na nini, maana ana wateja ambao wangelipia jambo kama hilo. Norman akasema inategemea. Lionel akauliza inategemea nini. Norman akasema hali ya hewa.

"Ndiyo maana," Lionel akasema huku akicheka. "Kumbe zile siku tano mama alikuwa anapoteza muda tu na wewe ndiye uliyekuwa unafanya kazi. Na sisi tulikuwa tunamwonea huruma yeye."

Norman hakucheka. Lakini hakumsahihisha pia. Alipanda ngazi, akajifungia ndani, akakaa kitandani na koti lake la mvua akiwa bado amelivaa. Aliona aibu, tena si ile ya kupita. Mke wake alikuwa maili sitini mbali, hajui lolote, na yeye alikuwa amemvua kazi yake akaivaa, kisha akamvisha ya kwake.

Wiki ile mafundi wawili wa Lionel walichomelea mabamba. Norman alibandua mbao za ndani upande wa kushoto zisishike moto, akalala kwenye benchi la jikoni na magodoro yamesimamishwa ukutani. Mchana kutwa cheche na kelele. Saa kumi na moja wakazima mashine wakaenda makwao. Mmoja aliacha redio yake imewashwa kwenye karakana, na Norman hakwenda kuizima.

Jumapili uwanja ulifungwa. Alikula chapati ya shayiri na jibini akiwa amesimama, akasoma maandishi yote kwenye mtungi wa gesi, akaosha sahani moja. Saa sita mchana akampigia Glenys.

"Nani amekufa?" Glenys akauliza.

"Hakuna aliyekufa."

"Joanne mzima?"

"Mzima. Watoto wazima." Akameza mate. "Glenys, ile ya kijivu."

Upande wa pili kulikuwa na mlio wa birika, kisha mtu akaliepua.

"Mmeiona," Glenys akasema.

"Mkaguzi kaiona."

"Imekaaje?"

"Tano nukta sita."

Alimsikia akivuta pumzi ndefu na kuiachia, kama mtu anayeketi baada ya safari. Kisha akauliza upande wa Norman umepata ngapi, na Norman akamwambia tatu nukta moja, akangoja acheke. Angependa acheke. Angekuwa na haki, na yeye angejua la kufanya, maana kuchekwa kuna majibu yake. Glenys hakucheka. Aliuliza tu kama maji yalikuwa yameanza kuingia.

Ndipo Norman akamwomba amweleze. Na Glenys akamweleza yote, kwa utulivu, kama anayemsomea mtu mapishi. Usianze asubuhi; umande unakaa kwenye chuma hata usipouona. Bandika karatasi ya chooni, ikishika unyevu ngoja, mara nyingi mpaka saa tano. Lami itoe yote, kutu itoe yote, kwa grinda na brashi ya waya, mpaka chuma king'ae kama kijiko. Shimo dogo lichokonoe kwa ncha ya bisibisi, usiliruke. Halafu futa kwa kitambaa cheupe na tina ya kuyeyushia rangi, ufute tena, mpaka kitambaa kitoke cheupe kama kilivyoingia. Changanya kiasi cha kutumia kwa saa moja tu. Koti la kwanza kwa brashi, si kwa rola, uisukume iingie. La pili kesho yake. Kisha iache. Ikishakuwa ngumu kiasi kwamba ukucha hauachi alama, piga msasa kidogo ndipo upake lami juu.

Norman aliandika nyuma ya barua ya bima mpaka nafasi ikaisha.

"Ubavu mzima ulifanya hivyo?" akauliza.

"Si kwa mara moja. Mgongo ungekatika. Karibu mita tatu kila tukiipandisha, na kwingine kote napaka lami kama wewe. Mara inayofuata naendelea nilipoachia."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mara ya kwanza. Ulisema rangi ni rangi, mradi iwe nyeusi."

Norman hakukumbuka kusema hivyo. Hilo ndilo lililomuuma, maana lilikuwa neno lake kabisa, na alijua angeweza kulisema siku yoyote ya maisha yake na kulisahau kabla ya chai kupoa. Alimshukuru. Alitaka kumwambia alichomwambia mkaguzi, akafungua mdomo, akasema chapati za shayiri za siku hizi ni nyembamba. Glenys akasema hata kule. Wakaagana.

Ni baada ya kuweka simu ndipo hesabu ikamjia. Mita tatu, mara sita. Mara ile ya sita alikuwa amefika kwenye tezi, na vuli ile akaondoka.

Jumatatu alianza. Saa mbili alikuwa ameshasimama mbele ya ubavu wa kushoto na brashi mkononi, kwa mazoea, kisha akabandika karatasi ya chooni kwenye chuma. Ilishika. Akageuza ndoo akaikalia. Saa tatu ilishika. Saa nne ilishika. Alikuwa hajawahi kukaa mbele ya boti yake kwa saa tatu bila kuifanya kitu wala gazeti mkononi, na kitu pekee cha kutazama kilikuwa kazi yake mwenyewe ya miaka kumi na minane, juu ya mstari wa mabamba, imevimba malengelenge.

Saa tano akawasha grinda. Hadi jioni alikuwa amemaliza mita moja na mabega hayakuwa yake tena. Vumbi la lami liliingia kwenye mikunjo ya shingo, kwenye meno. Siku ya pili alijaribu kuliruka shimo moja dogo, akaenda hatua mbili, akalirudia kwa bisibisi. Siku ya nne alilia kidogo, na akasingizia harufu ya tina. Alikuwa anafikiria jambo la kijinga kabisa: harufu ya bekoni. Kwamba siku zote zile, Glenys akiwa amechuchumaa upande wa pili na vumbi hili hili kwenye meno, harufu ya bekoni ilikuwa inamfikia kutoka upande wake. Na kwamba hata kipande hakumpelekea.

Siku moja alizihesabu hatua kutoka pale alipokuwa anaweka kiti cha turubai, kupita omo, mpaka upande wa kulia. Zilikuwa kumi na nane.

Ilimchukua siku kumi na tano, akiwa mwenyewe, bila mtu wa kumpokeza kitambaa. Lionel alipita mara moja kuuliza mbona safari hii anakwenda polepole namna hii, anazeeka au anaiandaa boti kwa harusi. Norman akarudi kwenye shimo lake.

Averil Stubbs alikuja kama alivyoahidi. Alitembea kutoka omo hadi tezi, akipitisha kitambaa cheupe hapa na pale na kukigeuza kwenye mwanga. Akarudi alipoanzia, akatoa kalamu.

"Hii ni kazi," akasema. "Utakaa majini, Bwana Tranter. Nilijua, kwa jinsi ulivyofanya ule mwingine."

"Ule mwingine si wangu."

Averil akainua macho.

"Ule ni wa mke wangu," Norman akasema. "Huu uliooza ndio uliokuwa wangu. Nilikudanganya. Jinsi ya kufanya hivi amenifundisha yeye kwa simu."

Lionel alikuwa amesimama hatua chache pale, ameegemea tairi, naye alisikia. Averil hakumgombeza. Alifungua ukurasa wa nyuma wa ripoti yake, akakata mstari mmoja, akauliza mke anaitwa nani. Norman akamtajia jina kamili na tahajia yake, akamwangalia akiliandika. Kisha mkaguzi akatia sahihi.

Ilikuwa imekwisha. Hakuna Stafford, hakuna kamba. Norman alisubiri furaha ije, na ilikuja kweli, ndogo, ikakaa kidogo kama mgeni aliyeacha gari linanguruma nje.

Siku hiyo na iliyofuata alipaka makopo mawili, kwa brashi, akisukuma. Alipomaliza koti la pili alirudi nyuma mpaka kwenye matairi akautazama ubavu mzima, kijivu mfululizo, hakuna doa. Ulikuwa mzuri. Alitaka mtu auone, akatambua kwamba hataki mtu yeyote tu. Alinawa mikono akapiga simu.

Alimwambia Glenys mkaguzi ametia sahihi. Glenys akasema vizuri, basi anabaki majini. Norman akasema ndiyo, anabaki. Akamwambia pia uongo aliousema na jinsi alivyousahihisha, haraka haraka, asije akabadili nia katikati. Glenys akasema asante kwa kuusahihisha.

"Bado sijaweka nyeusi," Norman akasema. "Kijivu kiko wazi chote. Nitakiacha siku mbili hivi. Nilifikiri labda ungekuja ukione kabla hakijafunikwa. Joanne angekuleta."

Alimsikia Glenys akivuta kiti na kukaa.

"Changu nacho kilikuwa kinakaa siku mbili," Glenys akasema. "Hata kikikauka mapema nilikuwa nakiacha. Nasema, leo atazunguka. Atainuka pale kwenye kiti, atazunguka, atakiona, ataniuliza ni nini hiki."

"Glenys."

"Sikutaka unisaidie, Norman. Ungezunguka tu. Mara sita."

Norman akasema samahani. Alilisema mara mbili, kwa sababu la kwanza halikutoka vizuri. Glenys akamwambia amesikia, na sauti yake haikuwa na hasira, na hapo Norman akaelewa kwamba hatakuja. Akamwambia apake nyeusi mvua haijaanza, na ale kitu cha moto.

Hata hivyo alikiacha siku mbili. Ilikuwa Pasaka, uwanja umefungwa, Lionel kaenda kwa mama yake. Norman alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, na kila gari lilipopunguza mwendo barabarani karibu na geti alisimama. Siku ya tatu aliona ukucha wake hauachi alama, akapiga msasa, akafungua kopo la lami na kuanzia omo. Saa nane mchana hakukuwa na kijivu hata cha kuweka kidole.